Maeneo ya Kumbukumbu katika Programu Inayotekelezwa: Ufafanuzi na Suala la Istilahi kwa Mwanafunzi wa Kabuga, Rwanda

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna kumbukumbu ya programu inayotekelezwa kwenye kompyuta inavyogawanywa katika maeneo, na inachunguza istilahi za Kiswahili zinazofaa kuyataja maeneo hayo. Mfano unaotumika ni wa kubuni: programu ndogo ya kutoa risiti katika duka la Kabuga, mjini Kigali. Makala inajenga hoja kwamba mgawanyo wa kumbukumbu hauwezi kueleweka kama orodha ya majina tu. Msingi wake ni maswali mawili: data inaishi kwa muda gani, na nini kinaruhusiwa kutendwa juu yake. Inaonyeshwa kwamba tafsiri sisisi ya majina ya Kiingereza huyafunika maswali hayo, na kwamba jozi ya maneno rundo na lundo ina hatari ya pekee kwa mzungumzaji wa Kinyarwanda. Mwishoni inapendekezwa seti ya istilahi tano zilizojengwa juu ya kazi ya kila eneo.

Maneno muhimu: kumbukumbu ya kompyuta, istilahi, tafsiri sisisi, Kinyarwanda, Rwanda

1.0 Utangulizi

Kabuga ni kituo cha biashara upande wa mashariki wa Jiji la Kigali, katika Wilaya ya Gasabo, kando ya barabara kuu iendayo Rwamagana, Kayonza na hatimaye mpaka wa Rusumo. Barabara hiyo ni sehemu ya njia inayoiunganisha Rwanda na bandari ya Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo Kiswahili kimekuwa kikisikika kando yake vinywani mwa madereva wa malori, wapakizi na wafanyabiashara. Mwaka 2017 lugha hiyo ilipewa kisheria hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda, ikaungana na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hata hivyo, masomo ya kompyuta hufundishwa kwa Kiingereza, lugha iliyochukua nafasi kuu katika ufundishaji kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2008.

Hali hiyo inazua swali zito kwa wanaisimu. Hadhi rasmi ina maana gani ikiwa lugha inaweza kutaja shehena iliyomo ndani ya lori lakini haiwezi kueleza kinachotokea ndani ya mashine inayochapa risiti ya shehena hiyo? Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta si ngeni. Mwaka 2004, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutolewa kwa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi za aina hiyo zilishughulikia zaidi yale ambayo mtumiaji huyaona kwenye skrini: faili, dirisha, menyu, hifadhi, chapisha. Mambo yanayotokea nyuma ya skrini, ambayo mtunzi wa programu hawezi kuyakwepa, hayakupewa uzito huo huo.

Makala hii inachukua jambo moja kati ya hayo, yaani mpangilio wa kumbukumbu ya programu inayotekelezwa. Kwanza jambo lenyewe linafafanuliwa, kisha istilahi zake zinajadiliwa. Utaratibu huo umefuatwa kwa makusudi, kwa kuwa istilahi iliyoundwa kabla ya dhana kueleweka huishia kuwa tafsiri ya jina badala ya jina la dhana.

2.0 Kutoka Faili hadi Mchakato

Programu iliyohifadhiwa kwenye diski ni faili kama mafaili mengine. Haifanyi kazi yoyote mpaka ianzishwe. Inapoanzishwa, mfumo endeshi huiundia mchakato, yaani programu ikiwa katika hali ya kutekelezwa, na kuupa mchakato huo anwani za kumbukumbu za kutumia.

Anwani hizo ni za dhahania. Katika mfumo wa Linux unaoendeshwa kwenye vichakataji vya biti 64 vya jamii ya x86-64, kwa mpangilio wa kawaida kila mchakato hupewa upeo wa anwani wa terabaiti 128, hata kama mashine yenyewe ina kumbukumbu halisi ya gigabaiti 4 tu. Kiini cha mfumo endeshi huzigawa anwani hizo katika kurasa, kila ukurasa ukiwa na baiti 4,096, na kwa kawaida huutafutia ukurasa nafasi katika kumbukumbu halisi pale tu unapoguswa. Michakato miwili inaweza kutumia anwani ileile bila kugongana, kama vile chumba namba 5 kinavyoweza kuwapo katika majengo mawili tofauti bila wapangaji kuchanganyana.

Kila ukurasa huwekewa ruhusa za aina tatu: kusomwa, kuandikwa na kutekelezwa kama maagizo. Ruhusa hizi ndizo zinazoufanya mgawanyo wa kumbukumbu uwe na maana. Kama kurasa zote zingekuwa na ruhusa zote, hakuna kitu ambacho kingezuia data kubadilisha maagizo au kutekelezwa kana kwamba ni maagizo.

3.0 Maeneo Matano

Ichukuliwe kwamba duka moja la Kabuga linatumia programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C. Muuzaji huingiza bei za bidhaa. Programu hujumlisha, hutenga kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Rwanda ni asilimia 18, kisha huchapa risiti. Bidhaa zikigharimu faranga 11,800 pamoja na kodi, programu inapaswa kuonyesha kwamba faranga 1,800 kati ya hizo ni kodi. Programu hiyo ndogo inatosha kuonyesha maeneo yote matano, kuanzia anwani za chini kwenda za juu.

3.1 Eneo la maagizo

Hapa hukaa maagizo ya mashine yaliyotokana na kutafsiriwa kwa programu na kompaila. Kila funksheni, yaani sehemu ya programu inayofanya kazi moja mahususi kama kukokotoa kodi, ina maagizo yake hapa. Eneo hili husomwa na kutekelezwa, lakini haliandikwi. Kwa kuwa halibadiliki, duka likifungua programu hiyo mara mbili kwa wakati mmoja, michakato yote miwili inaweza kutumia nakala moja ya maagizo katika kumbukumbu halisi. Jirani na eneo hili huwekwa data zisizobadilika, kama vile maneno yanayochapwa juu ya kila risiti. Hizo husomwa tu.

3.2 Eneo la thamani za mwanzo

Kigeu kilichotangazwa nje ya funksheni zote na kupewa thamani isiyo sifuri tangu mwanzo huwekwa hapa. Katika mfano huu, kigeu cha kiwango cha kodi kinaanza na 18. Thamani hiyo lazima ihifadhiwe ndani ya faili la programu, kwa kuwa haiwezi kubuniwa wakati wa kuanza. Kigeu hicho huishi muda wote wa mchakato, na eneo lake huweza kusomwa na kuandikwa. Mtunzi akikitangaza kuwa hakibadiliki, kompaila hukipeleka miongoni mwa data za kusomwa tu, na hapo jaribio lolote la kukibadilisha humalizika kwa mchakato kusimamishwa. Uamuzi wa mahali pa kukaa ni uamuzi wa mamlaka pia: je, kiwango cha kodi kinaweza kubadilishwa kwa bahati mbaya katikati ya siku ya kazi?

3.3 Eneo la sifuri

Vigeu vya nje visivyopewa thamani ya mwanzo, au vilivyopewa sifuri, huwekwa hapa. Kihesabu cha risiti zilizotolewa, kinachoanza na sifuri, ni mfano wake. Faili la programu halibebi sifuri hizo, bali hutaja ukubwa wa eneo tu, na mfumo endeshi huhakikisha kwamba nafasi hiyo inaanza ikiwa imejaa sifuri. Tofauti hii inapimika. Safu ya namba kamili 1,000,000, kila moja ikiwa na baiti 4, inahitaji baiti 4,000,000. Ikiwa katika eneo la thamani za mwanzo, faili litaongezeka kwa takriban kiasi hicho. Ikiwa katika eneo la sifuri, faili halitaongezeka kwa kiasi cha kuonekana.

3.4 Eneo la mgao

Mtunzi hajui mteja atanunua bidhaa ngapi. Anaweza kununua sabuni moja, au mzigo wa duka zima la kijijini. Orodha ambayo ukubwa wake haujulikani mapema huombewa nafasi wakati programu inaendelea. Nafasi hiyo hutolewa katika eneo la mgao, ambalo hukua kuelekea anwani za juu kadiri maombi yanavyoongezeka. Maombi makubwa sana huweza kutengewa nafasi mbali zaidi, katika sehemu iliyo kati ya eneo hili na eneo la tabaka, ambamo pia hupakiwa maktaba zinazotumiwa na programu nyingi.

Katika lugha ya C, kilichogawiwa hubaki kimegawiwa mpaka mtunzi akirudishe au mchakato umalizike. Kwa hiyo umri wa data katika eneo hili hauamuliwi na muundo wa programu wala na mfumo endeshi, bali na nidhamu ya mtunzi.

3.5 Eneo la tabaka

Kila funksheni inapoitwa huwekewa tabaka jipya lenye vigeu vyake vya ndani na, kwa kawaida, anwani ya agizo ambalo utekelezaji utarejea baada ya kazi kwisha. Funksheni ya kukokotoa kodi ikiitwa na funksheni ya kutoa risiti, tabaka la kodi huwekwa baada ya tabaka la risiti, na ndilo litakaloondolewa kwanza. Kanuni ni ile ya sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine: iliyowekwa mwisho huchukuliwa mwanzo. Mfano wa sahani una kasoro moja inayopaswa kutajwa darasani, nayo ni kwamba katika vichakataji vya x86-64 tabaka huanzia anwani za juu na kuongezeka kuelekea za chini.

Umri wa data hapa ni umri wa mwito. Funksheni ikirudi, tabaka lake halipo tena kisheria, hata kama baiti zake hazijafutwa bado. Ukubwa wa eneo pia una ukomo: katika mifumo mingi ya Linux kiwango cha kawaida ni megabaiti 8.

4.0 Mipaka Inapovukwa

Manufaa ya kuyaeleza maeneo kwa umri na ruhusa huonekana pale programu inapokosea. Makosa manne yanatosha kulithibitisha hilo.

La kwanza ni kutumia kilichokwisha umri. Mtunzi anaweza kutengeneza jumla ya risiti kama kigeu cha ndani cha funksheni, kisha akarudisha anwani yake badala ya thamani yake. Funksheni ikishamalizika, anwani hiyo inaelekeza kwenye tabaka lililoondolewa, na mwito unaofuata utaandika juu yake. Risiti inaweza kutoka sahihi asubuhi na kutoka na jumla ya ajabu mchana, bila hata herufi moja ya programu kubadilishwa. Mwanafunzi anayejua jina la eneo tu atatafuta kosa katika hesabu. Anayejua kwamba tabaka lina umri atatafuta mahali panapostahili.

La pili ni kutorudisha kilichogawiwa, kosa liitwalo uvujaji wa kumbukumbu. Ikichukuliwa kwamba kila risiti inaacha baiti 2,000 bila kurudishwa, na duka linatoa risiti 500 kwa siku, baiti 1,000,000 hupotea kila siku. Mashine isiyozimwa kwa siku 100 itakuwa imepoteza megabaiti zipatazo 100. Muuzaji ataona programu inazidi kuwa nzito, ataizima na kuiwasha, nayo itapona kwa muda. Inapona kwa sababu mchakato unapokufa, mgao wake wote hurejea kwa mfumo endeshi.

La tatu ni kuita bila ukomo. Funksheni inayojiita yenyewe bila sharti la kusimama huongeza tabaka mpaka nafasi iishe. Tabaka moja likiwa na baiti 64, megabaiti 8 hutosha kwa tabaka zisizozidi 131,072. Kompyuta ya kisasa hufika hapo kabla mtu hajapepesa jicho.

La nne ni kufurika. Mtunzi akitenga baiti 20 kwa jina la mteja ndani ya tabaka, na asikague urefu wa kilichoingizwa, jina refu litaandikwa kupita mpaka na huenda likaifuta anwani ya kurejea. Mwenye nia mbaya anaweza kuandika hapo anwani anayoitaka yeye. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris ilisambaa katika intaneti ya Marekani, na mojawapo ya njia zake ilikuwa hiyohiyo, dhidi ya programu ya mtandao iliyotumika kuulizia taarifa za watumiaji. Mifumo ya sasa hujikinga kwa kuliondolea eneo la tabaka ruhusa ya kutekelezwa, na kwa kuyabadilisha mahali pa maeneo kila programu inapoanza ili anwani zisitabirike. Linux ilianza kuwa na kinga hiyo ya pili katika kiini chake mwaka 2005. Hatua zote mbili hazieleweki kwa mtu aliyekariri maeneo kama majina matupu.

5.0 Suala la Istilahi

Ufafanuzi uliotangulia umetumia istilahi ambazo sasa zinahitaji kutetewa. Njia nyepesi ingekuwa kuyatafsiri majina ya Kiingereza neno kwa neno. Njia hiyo ina matatizo katika ngazi tatu.

Kwanza, baadhi ya majina ya Kiingereza yenyewe hayafafanui kitu. Eneo la maagizo huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo tafsiri yake ya kawaida ni matini. Mwanafunzi atakayeambiwa kwamba programu ina “eneo la matini” atatarajia kukuta humo maneno ya kusomwa na binadamu, lakini atakuta maagizo ya mashine. Vilevile, eneo la sifuri hujulikana kwa herufi BSS, kifupisho kilichotokana na amri ya lugha ya kukusanyia maagizo ya kompyuta ya IBM 704 katika miaka ya 1950. Wazungumzaji wa Kiingereza wamelirithi jina hilo pamoja na historia yake. Hakuna sababu ya Kiswahili kurithi historia isiyokuwa yake. Hata jina “eneo la data tupu”, ambalo lingeweza kupendekezwa, lingepotosha, kwa kuwa sifuri si utupu. Mtunzi wa programu hutegemea kwamba kihesabu chake kitaanza na sifuri, na tegemeo hilo linastahili kuonekana katika jina.

Pili, jozi inayohusu maeneo mawili yanayobadilika ukubwa huzaa mkanganyiko wa pekee. Majina yake ya Kiingereza yote mawili hubeba wazo la vitu vilivyorundikwa, moja kwa mpangilio na jingine bila mpangilio. Mfasiri mwenye haraka hufikia rundo kwa moja na lundo kwa jingine. Katika Kiswahili maneno haya ni maumbo mawili ya neno moja; hayana tofauti ya maana ya kuhimili dhana mbili zinazopingana. Kwa mwanafunzi wa Kabuga hali ni mbaya zaidi. Katika Kinyarwanda sauti [r] na [l] hazitofautishi maana, na tahajia yake hutumia r kwa jumla, l ikibaki hasa katika majina kama Kigali. Mzungumzaji aliyelelewa katika mfumo huo anaweza kujifunza kutenganisha kura na kula, kwa sababu muktadha humsaidia. Katika sentensi kama “kigeu hiki kimo katika rundo, si katika lundo” muktadha hausaidii lolote. Tofauti ambayo usalama wa programu unaitegemea ingekuwa imetundikwa kwenye sauti ambayo sikio la msikilizaji halikuzoezwa kuitenga.

Tatu, hata neno kumbukumbu linahitaji uangalifu nchini Rwanda. Limekwisha kukubalika katika Kiswahili cha kompyuta, wala makala hii haipendekezi liachwe. Hata hivyo, Rwanda ni nchi ambamo kuanzia tarehe 7 Aprili kila mwaka hufanyika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na neno hilo hubeba uzito huo. Mwalimu anashauriwa kutumia kirai kamili “kumbukumbu ya kompyuta” mpaka dhana ikae sawa, badala ya kulitupa neno peke yake mbele ya darasa.

Utohozi ni njia nyingine. Steki na hipu ni maneno mafupi, hayachanganyiki kimatamshi, na humwelekeza mwanafunzi kwenye vitabu vya Kiingereza ambavyo hata hivyo atavisoma. Faida hizo ni za kweli. Upungufu wake ni kwamba maneno hayo hayamfichulii kitu mtu anayekutana nayo mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo inapendekezwa yatumike kama visawe vya kuunganishia, huku ufafanuzi ukisimama juu ya istilahi zifuatazo:

(i) Eneo la maagizo: husomwa na kutekelezwa, huishi muda wote wa mchakato.
(ii) Eneo la thamani za mwanzo: husomwa na kuandikwa, huishi muda wote, thamani hutoka kwenye faili.
(iii) Eneo la sifuri: husomwa na kuandikwa, huishi muda wote, huanza na sifuri bila kubebwa na faili.
(iv) Eneo la mgao: husomwa na kuandikwa, huishi tangu kugawiwa hadi kurudishwa.
(v) Eneo la tabaka: husomwa na kuandikwa, huishi tangu funksheni kuitwa hadi kurudi.

Neno eneo limependelewa kuliko kipande kwa kuwa eneo hudokeza mipaka na mamlaka, ilhali kipande hudokeza tu kitu kilichokatwa. Mgao linatokana na kitenzi gawa, hivyo huzaa kwa urahisi mgawiwa, kugawia na kugawiwa. Ni kweli kwamba kwa msikilizaji wa Tanzania mgao hukumbusha kukatwa kwa umeme kwa zamu, lakini hata maana hiyo haiko mbali: ni rasilimali yenye ukomo inayotolewa kwa wanaoihitaji. Tabaka nalo hutumika kwa makundi ya jamii, ila muktadha hutosha kuzitenganisha maana hizo mbili.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba maeneo matano ya kumbukumbu ya programu yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa ukamilifu ikiwa maelezo yataanzia kwenye umri wa data na ruhusa za kurasa. Imeonyesha pia kwamba uchaguzi wa istilahi si suala la ladha. Istilahi inayoficha umri wa data humwacha mwanafunzi akitafuta kosa mahali lisipokuwapo, na jozi inayotegemea tofauti ya r na l huwabagua wasikilizaji kwa misingi ya lugha zao za kwanza.

Inapendekezwa kwamba istilahi za kompyuta zinazokusudiwa kutumika katika Afrika Mashariki nzima zijaribiwe miongoni mwa wazungumzaji wa lugha za kwanza mbalimbali kabla ya kusanifishwa. Neno linalosikika vizuri Dar es Salaam au Mombasa linapaswa kusikika vivyo hivyo Kabuga, ambako kwa sasa mwanafunzi anaweza kununua, kuuza na kusafiri kwa Kiswahili, lakini hana budi kuhamia lugha nyingine anapotaka kuuliza kwa nini jumla ya risiti imetoka si sahihi.